Kutua Pasipo Injini: Chimbuko la Fundisho Moja la Urubani

Katika mtihani wa kupewa hati ya rubani wa ndege za binafsi, mna fungu moja ambalo kila mwanagenzi hulingojea kwa moyo wa wasiwasi. Ndege iko juu ya mashamba, yapata mita 900 kutoka ardhini, hewa imetulia na mazungumzo yamekwisha. Ghafula mtahini hunyosha mkono, akauvuta nyuma wenzo wa mafuta hata mwisho wake, akasema ya kuwa injini imekufa. Haikufa, yanguruma polepole, tayari kuamshwa. Lakini tangu dakika ile yampasa mwanagenzi kutenda kana kwamba imekufa kweli. Aushike ule mwendo ambao kwa huo ndege hunyiririka mbali zaidi, atambue upepo watoka wapi, achague shamba, atafute kilichoiua injini, atamke maneno ya kuomba msaada, awaambie abiria wafunge mikanda, na huku kote aishushe ndege kwa mzunguko uliopimwa, hata ionekane wazi kwamba ingefika. Kisha, kabla ya magurudumu kugusa nyasi, mtahini husema basi, injini hurudishiwa nguvu zake, na ndege hupanda tena.

Ni rahisi kudhani ya kuwa zoezi hili ni hadhari ya siku za karibuni, lililobuniwa baada ya ndege kuwa nyingi na ajali zake kuandikwa magazetini. Historia yaonyesha kinyume chake. Kutua pasipo injini ni jambo la kale kuliko kuruka kwa injini. Na katika miaka ya mwanzo ya urubani halikuwa zoezi wala dharura, bali desturi ya kila siku. Jambo lililo geni ni huko kujifanya, yaani kuiacha injini hai na kuiita maiti. Namna desturi ilivyogeuka kuwa zoezi, na gharama iliyolipwa njiani, ndiyo habari inayostahili kufuatwa hapa.

Mjerumani Otto Lilienthal, aliyeanza kuruka kutoka vilimani mwaka wa 1891 kwa mabawa ya fito na kitambaa, alisafiri hewani mara zipatazo 2,000 pasipo injini ya kumbeba. Mwezi wa Agosti 1896 pua ya chombo chake iliinuka mno, mabawa yakaacha kubeba, naye akaanguka. Akafa siku ya pili yake, tarehe 10. Ndugu wawili wa Dayton, Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliisoma habari yake kwa makini, wala hawakukimbilia injini. Mnamo Septemba na Oktoba 1902, katika vilima vya mchanga vya Kitty Hawk, walinyiririka kati ya mara 700 na 1,000, wakijifunza kuuongoza mwili wa ndege kwa uzito wake mwenyewe na upepo. Mwaka uliofuata ndipo walipofunga injini ya nguvu za farasi 12 hivi, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka. Safari ndefu ya siku ile ilikuwa ya nukta 59. Hivyo walikuwa marubani kabla ya kuwa na injini. Waliofuata nyuma yao katika Ulaya wengi wao walikwenda kwa njia iliyopinduka: walinunua injini kwanza, na urubani wakautafuta baadaye.

Na injini zenyewe zilikuwa za kuaibisha. Tarehe 19 Julai 1909 Hubert Latham alijaribu kuvuka mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza. Hakufika hata katikati, injini ikazima. Aliiteremsha ndege yake juu ya maji kwa utulivu mkubwa hata ikaelea kama mtumbwi, na waliokuja kumwokoa walimkuta ameketi juu yake akivuta sigara. Siku sita baadaye Louis Blériot alivuka kwa injini ya Anzani ya nguvu za farasi 25, aina iliyojulikana kwa kupata moto upesi, na yasemekana kuwa manyunyu ya mvua aliyoyakuta njiani ndiyo yaliyoipoza. Alipofika Dover upepo ulimzungusha, akaizima injini mwenyewe yapata mita 20 juu ya ardhi, na ndege ikashuka kwa kishindo, ikavunjika rafadha na miguu. Kutua huko ndiko kulikomfanya mashuhuri duniani. Yafaa ikumbukwe kwamba kati ya mabwana hawa wawili, aliyetua vizuri zaidi ni yule aliyeshindwa.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya ufundi, iliyofanya kushuka pasipo nguvu kuwe ni desturi. Injini ya Gnome, iliyoenea katika Ulaya tangu mwaka wa 1909, ilikuwa na silinda zilizozunguka pamoja na rafadha, huku mhimili wake umesimama. Ilikuwa nyepesi na ilijipoza yenyewe kwa huko kuzunguka, lakini haikujua kwenda polepole kwa utii. Rubani aliyetaka kushuka aliukata moto wake kwa kitufe, akanyiririka, akauwasha tena kidogo alipoona haja, akaukata tena. Sauti ya ndege inayotua siku hizo ilikuwa sauti ya kukatika-katika, kama mtu mwenye kwikwi. Kila mara moto ulipokatwa, rubani alikuwa ni mtu asiye na injini, na hakushangaa.

Desturi hiyo ikaingia katika sheria. Vyama vya urukaji vya Ulaya vilipoanza kutoa hati, mtahiniwa alitakiwa kuzunguka nguzo mbili kwa umbo la tarakimu nane, kupanda kimo kilichowekwa, na kutua injini ikiwa imezimwa ndege inapogusa ardhi au kabla yake, kisha kusimama ndani ya mita 50 kutoka mahali palipoonyeshwa kabla. Kufikia mwaka wa 1914 kimo kilikuwa kimefanywa mita 100, na ilimpasa mtahiniwa ashuke kutoka huko injini imekatwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mapatano ya Paris ya tarehe 13 Oktoba 1919 yaliyotaka kuyaweka mambo ya anga chini ya kanuni moja, yaliongeza uzito wa jaribio hili: hata rubani wa binafsi alitakiwa aikate injini akiwa mita 1,500 juu ya uwanja, anyiririke chini, atue pasipo kuiwasha tena, na awe ndani ya mita 150 kutoka alama ya watahini.

Maneno hayo, pasipo kuiwasha tena, hayana budi kusomwa polepole. Mtahiniwa wa mwaka 1919 aliyekosea hesabu yake hakuwa na mlango wa kurudia. Kama alishuka kabla ya uwanja, alitua uani kwa watu. Kama alizidi, aliingia ukingoni mwa miti. Mtihani na jambo lenyewe vilikuwa kitu kimoja. Wanagenzi wengi wa leo, walio na ndege tiifu zaidi na vipimo mbele ya macho yao, wangetokwa na jasho jingi mbele ya mtihani huo wa babu zao.

Lakini isidhaniwe kwamba marubani wa zamani, kwa kuwa walizoea kunyiririka, walisalimika injini zao zilipowafia. Walikufa kwa wingi, na mara nyingi walikufa kwa jambo moja. Luteni Wilfred Parke wa jeshi la maji la Uingereza alikuwa miongoni mwa marubani hodari wa siku zake. Tarehe 25 Agosti 1912, juu ya uwanda wa Salisbury, ndege yake ya Avro ilimponyoka katika mzunguko wa kushuka, ikaanguka ikizunguka kama pia. Wakati ule anguko la namna hiyo lilihesabiwa kuwa ni kifo. Parke, alipokwisha kujaribu yote aliyoyajua, aliusukuma usukani upande ulio kinyume cha mzunguko, ndege ikanyoka ikiwa imebakiza yapata mita 15 tu. Mambo aliyoyaeleza aliposhuka yaliandikwa na kusomwa kila mahali, nayo yamebaki kuwa msingi wa dawa ya anguko hilo hata leo. Mtu huyuhuyu, tarehe 15 Desemba mwaka uleule, aliruka kutoka Hendon pamoja na abiria mmoja katika ndege ya bawa moja ya Handley Page. Injini haikutoa nguvu zake zote. Huko Wembley, karibu na ardhi, alipokuwa akigeuza ndege, ikaanguka, wakafa wote wawili.

Kisa cha kugeuka chahitaji kuelezwa, maana ndicho kiini cha fundisho zima. Injini inapozima mara tu baada ya ndege kuruka, uwanja uko nyuma. Ni uwanja mpana, laini, unaojulikana, una watu na gari la wagonjwa. Mbele ni miti, nyumba, mitaro. Moyo wa binadamu huvutwa nyuma kwa nguvu isiyoelezeka. Lakini kurudi si nusu ya duara tu: ndege iliyozunguka nusu duara huwa imejitenga kando ya njia yake, na lazima izunguke zaidi, kisha igeuke tena upande wa pili ili ilingane na uwanja. Kugeuka haraka kwataka bawa liinamishwe sana. Na bawa lililoinamishwa kwa digrii 45 lataka mwendo unaozidi kwa karibu sehemu moja katika tano ule unaotosha katika kwenda sawa, ama sivyo huacha kubeba. Wakati huohuo upepo, uliokuwa mbele, sasa uko nyuma, na ardhi yaonekana ikipita kasi. Rubani hudanganywa na macho yake, akadhani ana mwendo wa kutosha hewani, akaivuta pua juu. Bawa la ndani hukata tamaa kwanza. Ndege huanguka kama pia, na sasa hakuna zile mita za kujinyosha alizokuwa nazo Parke mwezi wa Agosti.

Basi ikatoka amri fupi, ambayo kila mwalimu huirudia hata leo: usigeuke, shusha pua, chagua mahali mbele yako, kushoto kidogo au kulia kidogo, ukatue huko. Ni amri inayomtaka mtu aache kilicho chema kilicho nyuma yake na akubali kibaya kilicho mbele, katika muda wa pumzi mbili tatu. Anayedhani ni jambo jepesi hajawahi kulijaribu. Ndege itakayogusa miti ikiwa imelala sawa na kwa mwendo mdogo huvunjika yenyewe kabla ya kuwavunja waliomo. Itakayofika ardhini kwa pua, hata katikati ya uwanja bora, haiwaachi.

Kuijua amri ni kitu kimoja, na kuitia mikononi mwa wanagenzi maelfu ni kitu kingine. Sifa ya kazi hii ya pili humwendea zaidi Robert Smith-Barry. Alikuwa amevunjika miguu katika ajali ya ndege nchini Ufaransa mwezi wa Agosti 1914, akaendelea kuruka akichechemea. Mwaka 1916 alikuwa mkuu wa kikosi huko vitani, akaona vijana wakiletwa kwake kutoka Uingereza hawajui kuruka, wakafa kabla ya kumwona adui. Aliandika barua kwa wakubwa wake, barua zisizo na adabu nyingi, hata wakamrudisha nyumbani na kumpa kikosi cha mafunzo huko Gosport ili aonyeshe alichojigamba nacho. Kufikia Agosti 1917 mahali hapo pamekuwa shule ya kuwafundisha waalimu wenyewe.

Hata siku zile, mahali pengi mwalimu alimkataza mwanagenzi kuikaribia hatari. Alimfundisha kwenda sawa, kugeuka kwa upole, kutua. Yaliyobaki alimwachia Mungu. Smith-Barry aliligeuza jambo hilo. Kwa ndege ya Avro 504, yenye usukani wa mwalimu na wa mwanagenzi, na mpira wa kupitisha sauti baina yao, alitaka mwanagenzi apelekwe kwenye hatari kwa makusudi, aonyeshwe jinsi inavyozaliwa, kisha aachwe ajitoe mwenyewe. Mwanagenzi alizungushwa kama pia na kujinyosha. Alitua upepo ukimpiga ubavuni. Na injini ilikatwa pasipo kuonywa, mahali asipopategemea, akaulizwa kwa ule mpira wa sauti: sasa wenda wapi? Hapo ndipo desturi ya zamani ilipogeuka kuwa fundisho. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Rubani wa mwaka 1910 aliikata injini yake mwenyewe, kwa wakati aupendao, juu ya uwanja. Mwanagenzi wa Gosport alikatiwa. Jambo lililopimwa halikuwa tena ustadi wa kunyiririka peke yake, bali akili ya mtu aliyeshtushwa.

Baada ya vita injini zikawa bora mwaka hadi mwaka. Ndege ndogo ya de Havilland iitwayo Moth, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1925, iliwapa watu wa kawaida chombo cha kusafiria, na injini yake iliweza kushushwa nguvu ikabaki ikinguruma kwa upole. Wenzo wa mafuta ukachukua mahali pa kitufe. Hapakuwa na haja tena ya kuizima injini ili kutua, na kuizima kwa ajili ya mtihani kukaonekana kuwa ni kutafuta ajali ambayo vinginevyo isingetokea. Pole kwa pole jaribio likawa lile lijulikanalo leo: nguvu hupunguzwa, injini huitwa maiti, ndege hushuka hata kimo fulani, kisha hupanda.

Waliofanya hivyo walikuwa na haki. Lakini kila nafuu ina bei yake, na bei hii hailipwi siku ya mtihani. Kwanza, injini inayonguruma polepole bado yasaidia kidogo. Iliyokufa kweli, ikiwa rafadha yake yaendelea kuzungushwa na upepo, huivuta ndege nyuma, na mnyiririko huwa mfupi kuliko ule uliozoewa. Ndege ya kufundishia ya Cessna 172 huenda yapata mita tisa mbele kwa kila mita moja ishukayo. Aliye mita 600 juu ya ardhi ana zaidi ya kilomita tano hivi za kuchagua, katika hewa tulivu. Aliyejifunza kwa injini hai huweza kuhesabu kilomita asizokuwa nazo. Pili, na hili ni zito zaidi, mwanagenzi ajua. Aujua mkono uliouvuta wenzo. Moyo wake haupotezi muda kukataa jambo lililotokea, kwa kuwa halikutokea. Katika dharura ya kweli nukta za kwanza hupotea katika kutosadiki, na nukta hizo ni mita za kimo zisizorudi. Mwaka 2009, baada ya Chesley Sullenberger kuitua ndege kubwa yenye watu 155 juu ya mto Hudson na wote wakaokoka, wachunguzi walijaribu katika mashine za kuigiza safari kama ingewezekana kurudi uwanjani. Baadhi ya marubani waliogeuka papo hapo walifika. Ilipoongezwa akiba ya nukta 35 za kutambua na kuamua, ndege haikufika.

Hata katika Afrika Mashariki fundisho hili lilipata wanafunzi wake mapema. Kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, na rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, ambaye mwaka 1934 alishinda pamoja na C. W. A. Scott mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne. Marubani wa kampuni hiyo walipita juu ya nchi ambayo uwanja mmoja ulikuwa mbali na mwingine kwa saa nzima, na katikati palikuwa na miiba, vichuguu vilivyofichwa na majani, na mito iliyokauka yenye kingo kama kuta. Kuchagua mahali pa kutua hakukuwa somo la darasani. Rubani alitazama chini muda wote wa safari, akiweka mahali pamoja moyoni mwake mpaka apate pengine. Yapendeza kukumbuka ya kuwa jina lenyewe la rubani lilitoka baharini, kwa mjuzi wa kuongoza vyombo pwani na bandarini. Rubani wa angani, injini yake ikizima, hurudi kuwa mwenzake yule wa jahazi: hana nguvu isipokuwa upepo na akili, na tofauti ni kwamba hawezi kutia nanga akafikiri.

Mwanafunzi mashuhuri wa Campbell Black alikuwa Beryl Markham, aliyekulia Kenya na kupata mwaka 1933 hati ya kuruka kwa malipo. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, ili kuvuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, dhidi ya upepo. Baada ya saa 21 na zaidi, pwani ya Kanada ikiwa imekwisha kuonekana, injini ikazima. Yadhaniwa kuwa barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi, na mafuta yakakataa kushuka. Alinyiririka hata kisiwa cha Cape Breton, akachagua kilichoonekana kuwa uwanja wa kijani. Kilikuwa bwawa la matope. Magurudumu yalizama, ndege ikasimama kwa pua, naye akatoka na jeraha la kichwa, akiwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake kutoka Uingereza kwa njia hiyo. Mwalimu wake aliuawa majuma mawili baadaye, tarehe 19 Septemba, katika uwanja wa Speke, Liverpool, ndege nyingine ilipomgonga akiwa bado ardhini.

Hilo bwawa la Cape Breton lafundisha jambo ambalo mtihani hauwezi kulifundisha. Kutoka juu, kijani ni kijani. Mpunga, majani ya malisho na tope hufanana katika mita 600. Shamba la mkonge laonekana limepangwa kwa mistari mizuri, na miiba yake haionekani. Waya za umeme hazionekani kabisa. Huonekana nguzo, na aliye hodari huzitafuta nguzo. Kwa sababu hiyo mwalimu mwangalifu humkataza mwanagenzi kupenda shamba kwa rangi yake, humwambia atazame kivuli, mteremko, njia za ng'ombe na upande unakoelekea moshi.

Tena zoezi lenyewe lina hatari zake, na hizo zimewaua waliokuwa wakijifunza kujiokoa. Injini iliyopunguzwa nguvu kwa muda mrefu hupoa. Katika kabureta, hewa yenye unyevu huweza kufanya barafu hata siku ya joto la digrii 25, na wenyeji wa pwani huona ajabu wanapoambiwa hivyo. Mwanagenzi asiyepitisha hewa ya moto, na asiyeiamsha injini kila baada ya mita mia mbili au tatu za kushuka, aweza kuitaka nguvu mwishoni akaikosa. Hapo maiti wa kuigiza huwa maiti kweli, tena chini sana. Ndiyo sababu waalimu hupenda kulifanya zoezi juu ya shamba ambalo wangekubali kutua kwa hakika. Na kanuni za nchi nyingi hazimruhusu rubani kuwakaribia watu au nyumba kwa chini ya mita 150 hivi, hata akiwa mtihanini.

Katika uwanja wa Wilson, Nairobi, ulioitwa kwa jina la yule bibi, mambo haya yote hukutana mahali pamoja. Uwanja uko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na ndege inayoonyesha katika kipimo mwendo uleule wa pwani kwa kweli huenda kasi zaidi kwa sehemu moja katika kumi hivi. Kwa kuwa nguvu ya kishindo huongezeka kwa mraba wa mwendo, shamba linalotosha Malindi huenda lisitoshe huko. Injini nayo, iliyonyimwa hewa nzito, hupandisha ndege pole pole, na kimo cha usalama huchelewa kupatikana. Anayeruka kuelekea kusini-mashariki anayo mbele yake Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, yenye nyasi, makorongo na simba. Anayeruka kuelekea kaskazini-magharibi ana upande wake nyumba zilizosongamana za Kibera, ambamo hamna pa kutua pasipo kuua. Kwa hiyo mwanagenzi wa hapo, kabla ya kuachia breki, hutakiwa aseme kwa sauti: injini ikizima kabla ya kuruka, nitafanya hivi, ikizima chini ya kimo hiki, nitakwenda pale, sitageuka. Mwalimu hungoja mpaka ameyasema yote, hata kama ni safari ya mia. Ndipo mkono huenda kwenye wenzo wa mafuta, nao husukumwa mbele.